Gari la umeme kwenye barabara ya Kigali: mama aulize nini kabla ya kupanda?



Katika mkutano wetu wa mwisho wa likelemba, mama mmoja anayeuza sambaza aliniuliza swali lililowachekesha wote: "Mwalimu, gari la umeme likizimika katikati ya mlima, shofere anatuma mtu kununua umeme kwa bidoni?" Tulicheka, lakini mama yule alikuwa ameshika jambo lenyewe. Esansi ikiisha, Kadhafi yuko kando ya barabara na chupa zake. Umeme hauuzwi kwa chupa. Gari la umeme linafika mbali tu kama njiani kuna mahali pa kulichaji, tena kulichaji upesi.

Mtasema: hili linatuhusu nini sisi tunaotembea kwa miguu, kwa pikipiki, au tunaosukumiwa mizigo kwa shukudu? Linatuhusu kwa sababu bariera ndogo iko mlangoni petu, na ng'ambo yake mambo yanabadilika haraka. Mwaka 2019 kampuni ya Ampersand ilianza kazi Kigali na pikipiki chache za umeme. Mwezi wa Oktoba mwaka huohuo Volkswagen na Siemens wakaleta magari ya umeme ya kujaribu mjini humo. Mwaka 2021 serikali ya Rwanda iliondoa ushuru na TVA kwa magari ya umeme na betri zake, ikaamua pia kwamba vituo vya kuchaji vitalipa umeme kwa bei ya viwanda. Na kuanzia Januari 2025, pikipiki mpya ya kubeba abiria inayoandikishwa Kigali ni lazima iwe ya umeme. Basi mama wa Mapendo anayempeleka mtoto kwa daktari Kigali, au anayekwenda kuchukua vitenge, anaweza leo kujikuta amekaa ndani ya gari lisilonguruma, bila kuulizwa kama anataka.

Mimi nafundisha hesabu, kwa hiyo tuipige hesabu ya barabara hiyo. Toka Gisenyi hadi Kigali ni karibu kilomita 160. Gari dogo la umeme linakula kilowati-saa 15 hadi 18 kwa kilomita 100. Kilowati-saa ni kile kipimo mnachokiona kinapungua kwenye Cash Power ya nyumba. Ni kilekile, hakuna kingine cha magari. Kwa hiyo safari ya kwenda peke yake inakula kama 28. Gari lenye betri ya kilowati-saa 50, iliyojaa, litafika na kubakiza kama 20. Kurudi linahitaji tena 28. Haitoshi. Ni lazima lichajiwe Kigali au njiani, na kama shofere amezunguka mjini siku nzima kutafuta wateja, haja hiyo ni kubwa zaidi.

Halafu kuna mlima. Ziwa letu liko mita 1,460 juu ya bahari. Mkipanda kutoka Gisenyi kuelekea Mukamira mnapita mita 2,200, na wote waliowahi kutapika kwenye kona zile wanakumbuka. Kulipandisha gari zito la tani mbili, pamoja na watu na mizigo, urefu kama huo kunakula kilowati-saa nne hivi juu ya zile za kawaida. Lakini hapa gari la umeme lina jambo zuri ambalo gari la esansi halina. Likiteremka, injini yake inageuka kuwa mashine ya kutengeneza umeme, nayo inarudisha sehemu ya ile nguvu ndani ya betri. Mama mmoja wa kundi letu aliyesafiri nalo aliniambia aliona kwa macho yake: walipoteremka toka Mukamira kurudi Gisenyi, namba ya betri ilikuwa inapanda badala ya kushuka. Alifikiri kipimo kimeharibika. Hakikuharibika. Hairudi yote, lakini inarudi.

Sasa kuchaji kwenyewe. Kuna kuchaji kwa pole na kuna kuchaji kwa haraka, na tofauti si ndogo. Mkichomeka gari kwenye prizi ya kawaida ya nyumba, linapata kilowati-saa mbili hivi kwa saa moja. Kurudisha kilowati-saa 30 kunachukua usiku mzima na asubuhi yake. Hiyo inamfaa mwenye gari anayelala kwake. Haimfai abiria aliye njiani na mtoto mgongoni. Mashine ya haraka ya kando ya barabara, ile ya kilowati 50, inatoa zilezile 30 kwa dakika 40 hivi. Ziko na kubwa zaidi, za kilowati 150 na kuendelea, ambazo gari likiweza kuzipokea linamaliza upesi zaidi. Hizo ni nyingi Ulaya na China, ni chache upande wetu wa Afrika. Norway, mwaka 2024, karibu magari tisa katika kila kumi mapya yaliyouzwa yalikuwa ya umeme, na watu wanavuka nchi nzima kwa sababu mashine za haraka zimefuata barabara kuu.

Mashofere wa magari haya wana desturi moja inayowaudhi abiria: wanachaji hadi 80 kwa mia, halafu wanachomoa. Wamama wanadhani shofere anabana pesa. Fikirieni bidoni ya lita 20 kwenye bomba. Mwanzoni unafungua bomba lote, maji yanaingia kwa kishindo. Ikikaribia shingo unapunguza, la sivyo maji yanamwagika na unapoteza. Betri nayo iko hivyo. Ikiwa na nafasi inakubali umeme mwingi. Ikikaribia kujaa, mashine yenyewe inapunguza mwendo ili betri isipate moto na kuzeeka mapema. Ile sehemu ya mwisho, toka 80 hadi 100, inaweza kuchukua muda karibu sawa na yote iliyotangulia. Shofere anayechomoa kwenye 80 na kuendelea na safari anajua kazi yake, mradi hiyo 80 inafika mnakokwenda.

Lakini dakika 40 za mashine si dakika 40 za mama. Mama yuleyule aliyeona namba ikipanda alikuwa anarudi toka hospitali na mtoto wa miaka minne aliyepasuliwa siku chache kabla. Walifika kwenye mashine wakakuta magari mawili mbele yao. Kulikuwa na kebo mbili, moja haifanyi kazi. Hesabu ni rahisi: mara mbili 40 ya wengine, na 40 yao, ni saa mbili kamili. Hapakuwa na kivuli. Choo kilikuwa kimefungwa kwa kufuli na mwenye ufunguo hakuonekana. Mtoto hakupaswa kukaa muda mrefu, alitakiwa kulala ubavu. Akamlaza kwenye kiti cha nyuma na kumpepea kwa kitenge. Walipofika Gisenyi bariera ilikuwa imefungwa. Akalipa chumba cha usiku mmoja kwa pesa aliyokuwa ameweka kwa ajili ya dawa, akanunua dawa nusu, nusu nyingine baada ya wiki. Mtoto yuko salama, ashukuriwe Mungu. Ila mnaona namna saa mbili za foleni zinavyogeuka kuwa dawa pungufu.

Ndiyo maana ninaposikia watu wakisifu kasi ya mashine, mimi huuliza kwanza: ziko ngapi mahali pamoja? Mashine mbili za kadiri zilizokaa karibu zinamsaidia msafiri kuliko mashine moja kali iliyo peke yake, kwa sababu moja ikiharibika safari haifi. Na mashine nyingine, magari mawili yakichomekwa pamoja, zinagawana nguvu, kila moja linapata nusu. Jambo lingine ni mdomo wa kebo. Magari ya Ulaya yana mdomo wa aina moja, mengi ya yale yaliyotengenezwa kwa soko la China yana mwingine, na magari kadhaa ya zamani ya Japani yana wa tatu. Ni kama simu za kwetu zenye chaja zisizoingiliana. Shofere anaweza kufika kwenye kituo kizima, chenye umeme, akakuta hakuna kebo inayoingia kwenye gari lake.

Tuvuke bariera, turudi kwetu. Hapa Mapendo sijaona mashine ya kuchaji gari hata moja, na sisemi hivyo kwa kulalamika. Umeme tunao kwa sehemu. Kuna SNEL inayoleta wa Ruzizi toka upande wa Bukavu. Kuna Virunga, ambao kituo chao cha Matebe kwenye mto Rutshuru kilifunguliwa Desemba 2015 kikiwa na nguvu ya megawati 13.6. Kuna Nuru, waliowasha mwaka 2020 umeme wa jua wa megawati 1.3 hapahapa Goma. Watu wengine wangefurahi kusikia kesho kwamba mashine ya haraka imewekwa kwenye rondi-puwe. Mimi ningeuliza: imechomekwa kwenye kabini ipi?

Mashine moja ya kilowati 50 ikifanya kazi inavuta nguvu sawa na rishoo 25 za umeme za kilowati mbili zikiwaka kwa pamoja. Kwa kituo kama Matebe hiyo ni kidogo. Kwa kabini ya kartie, ile ambayo jioni tayari inazidiwa na taa zinakuwa nyekundu kama kaa la moto, ni mzigo mkubwa. Na tukiangalia upande wa chungu: sufuria ya umeme ya presha inapika maharagi kwa karibu nusu ya kilowati-saa, mara nyingi chini ya hapo. Zile kilowati-saa 30 za gari moja kurudi Kigali zinapika sufuria 60 au zaidi za maharagi. Sufuria 60 zisizopikwa kwa makala. Mnajua gunia la makala linauzwaje siku hizi, na mnajua miti yake inatoka msitu gani. Kwa hiyo msimamo wangu, na atakayeupinga aje mkutanoni tuzungumze: katika kartie zetu, umeme uende kwanza jikoni, kwenye maternite na kwenye bomba za maji. Mashine za haraka za magari ziwekwe pembezoni mwa mji, karibu na laini kubwa, zenye kabini yao peke yake, wala zisiwekwe kwenye nyaya zinazolisha nyumba.

Je, tukae tukitazama tu? Hapana. Kuna njia ya pili ya kujaza gari, nayo inatufaa zaidi: kubadilisha betri. Pikipiki za Ampersand kule Kigali hazisimami kuchaji. Motari anaingia kituoni, anatoa betri iliyokwisha, anapewa iliyojaa, analipia umeme aliotumia, anaondoka. Dakika mbili tatu. Betri zilizobaki zinachajiwa polepole ndani ya kituo, hata usiku watu wakiwa wamelala na umeme hauna kazi nyingi. Hapo kabini haizidiwi. Mnamwona Kadhafi wetu? Huyu ni Kadhafi wa umeme, tena bila harufu ya esansi na bila hatari ya chupa kushika moto karibu na watoto.

Kazi hiyo haihitaji misuli ya ajabu. Inahitaji chumba kikavu, umeme wa kuaminika, daftari safi na mtu mwaminifu wa kuhesabu. Vyote hivyo AVEC zetu zimezoea, isipokuwa huo umeme wa kuaminika. Betri ni za kampuni. Kundi linaweza kuingia kama mwendeshaji wa kituo, likapewa sehemu kwa kila betri inayotoka. Kabla ya kuweka sahihi lazima kujua nani analipa betri ikiibiwa, nani analipa ikizeeka, na kama siku ya delestaji kundi linadaiwa chochote. Mkataba usiojibu hayo matatu, msiutie kidole.

Na msidhani umeme wa pikipiki ni wa kuzunguka mjini tu. Mwaka 2024 pikipiki iliyotengenezwa Nairobi na kampuni ya Roam ilisafiri toka Nairobi hadi Stellenbosch, Afrika ya Kusini, karibu kilomita 6,000, ikichajiwa kwa mabamba ya jua yaliyobebwa kwenye msafara. Walichomeka jua. Nilipowasimulia wanafunzi wangu wa darasa la sita, mmoja akauliza siku za mvua walifanyaje. Nikamwambia: jua likikosekana, unasimama, unangoja. Ndiyo gharama yake.

Kungoja. Hapo nafika kwenye jambo linalonisumbua kuliko yote. Kwa wengine safari ndefu ni ya likizo. Kwetu mara nyingine ni kukimbia. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ililipuka. Tarehe 27 Mei, alfajiri, tuliamriwa kuhama, na Mapendo ilikuwa ndani ya zile kartie 10 zilizotajwa. Wengine walienda Sake, wengine Rutshuru, wengine walivuka Gisenyi. Barabara zilijaa watu, magodoro, mbuzi. Sasa wazieni asubuhi ile kama nusu ya magari yangekuwa ya umeme na lava imekata nyaya. Gari lenye betri iliyojaa lingewatoa watoto vizuri kabisa, tena gari la umeme likisimama kwenye msongamano halili karibu kitu, tofauti na la esansi. Lakini lenye betri ya 15 kwa mia lingekuwa kizuizi barabarani. Mwaka 2017, kimbunga Irma kilipokaribia Florida, kampuni ya Tesla ilifungua kwa muda, toka mbali, sehemu ya betri iliyokuwa imefungwa katika magari fulani ya wateja wake, ili waweze kukimbia mbali zaidi. Sisi hatuna wa kutufungulia kitu toka mbali. Mahali penye volkeno, gari la umeme halilazwi usiku likiwa tupu, kama vile mama wa hapa halali bila mkoba wa hati za watoto karibu na mlango.

Kusema kweli esansi nayo haituaminishi. Inatoka ng'ambo ya bahari, inashuka Mombasa au Dar es Salaam, inapanda malori siku nyingi. Januari 2008, ghasia za baada ya uchaguzi Kenya zilipofunga barabara, ukosefu wa esansi ulifika hadi huku kwetu ambako hatukupiga kura yoyote ya Kenya. Maji ya mto Rutshuru hayapiti Mombasa.

Na kobalti? Watoto darasani huniuliza, kwa kuwa wamesikia redioni. Ndiyo, zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka katika Kongo yetu, upande wa Kolwezi, na mikono ya watoto imeonekana katika migodi ya kule. Betri nyingi za magari zinaitumia. Ila jueni pia kwamba ziko betri za aina nyingine, za chuma na fosfati, zisizo na kobalti hata chembe, na zinaenea sana, hasa katika magari ya China.

Basi, siku utakapoambiwa Gisenyi "mama, ingia, gari hili ni la umeme", ingia bila woga, lakini kabla ya kutoa pesa muulize shofere maneno machache kwa sauti ya upole. Betri iko ngapi kwa mia sasa? Gari la kwenda Kigali moja kwa moja liwe na 80 au zaidi, na kama ni gari lililozeeka, usikubali chini ya 90. Atachaji wapi, na mahali hapo pakiwa na foleni au pakikosa umeme, mahali pa pili ni wapi? Shofere asiye na mahali pa pili, mwache aende. Muda wa kuchaji uko ndani ya ile saa ya kufika aliyokutajia, au ni juu yake? Ukirudi na mgonjwa, mwambie achaji Kigali kabla ya kukuchukua, wewe ukiwa bado hospitalini kwenye kitanda na choo. Beba maji, kitenge cha ziada na chakula kisichoharibika. Na kwa safari ya kurudi, ongeza saa mbili juu ya saa ya bariera, ukiziandika kwenye karatasi pamoja na namba ya shofere, umwachie dada au jirani atakayekungoja Mapendo.